Siku Niliyoongoza Mashindano

Bibi Mshonaji mheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zote, uniwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Vidole vilikakamaa kwa kushika usukani.

Uliahidi kuikubali posa yangu nikimaliza mashindano haya ya baiskeli ugenini. Leo alfajiri nilikuta barabara tupu. Kwa kuwa kila siku huwa wa mwisho, nilidhani wenzangu wameshatangulia, nikaupanda mlima wote peke yangu. Kumbe ilikuwa siku ya mapumziko.

“Mzee wangu, ulikuwa unakimbizana na nani huko?” fundi wetu aliuliza.

“Na jibu la posa,” nikamwambia.

Magoti yamegoma, lakini kesho ndiyo siku ya mwisho, nami nitapanda tena.

Barua hii anakuletea mwenzetu aliyekuwa na kasi kuliko sote. Alijitoa jana. Mimi bado nimo.

Wako kwa unyenyekevu,
Mgane, jirani yako