Maua Yaliyojizika Ruiru

Ruiru, kwenye shamba la kahawa,
Jumapili baada ya ibada

Dada yangu mpenzi Dorika,

Nakutumia salamu nyingi hata bahasha inakataa kufungwa. Goti la Mama linaendeleaje? Mtoto wako ameota meno? Sisi hapa tu wazima, na kama ungeniona ungesema nimenenepa. Ni furaha, dada. Miezi minane ya ndoa, na bado nikisikia buti za Zakaria kwenye kokoto najikuta nimesimama mlangoni kabla sijajua kama nimeinuka. (Sehemu hizi usimsomee Mama.)

Barua ya Mama uliyomwandikia nimeipata. Anasema amesikia mume wangu ameitwa mwizi, na kwamba nipande gari la moshi nirudi nyumbani. Jibu lake nitalitoa, lakini kwanza nikueleze yaliyotokea. Niliyaona kwa macho yangu mwenyewe.

Unajua Zakaria anatunza maua ya Memsabu, yule bibi Mzungu mzee mwenye shamba hili. Kuna maua anayoyapenda kupita yote, ya milima ya nchi iliyo ng'ambo ya bahari mbili. Hayapandwi kwa mbegu bali kwa vitunguu vidogo, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba, vyenye ganda la nyuzinyuzi. Memsabu husema huko milimani vimekwisha, mifugo imevikanyaga vyote. Yeye anavyo ishirini na kimoja. Ua lenyewe nilikuwa sijawahi kuliona. Zakaria alinionyesha rangi yake kwa kuchovya kidole kwenye bluu ya kufulia na kunigusa nacho puani. Ah, dada!

Ni maua dhaifu mno. Jua kali linayaua, maji yakizidi yanaoza. Kwa hiyo hukaa ndani ya kibanda cha vioo, katika sanduku refu la mbao lililojaa mchanga wa mto, limewekwa juu ya matofali. Memsabu alivipanda kwa mkono wake, juu juu, kina cha pingili moja ya kidole, akachomeka kijiti mbele ya kila kimoja. Kisha akapanda meli kwenda kutibiwa macho kwao. Aliacha amri: maji kidogo hadi majani yakauke, baada ya hapo hata tone lisiingie, na mchanga usichokorwe na mtu.

Mimi nilipenda kukaa humo mchana nikishona. Ulipoanza msimu wa baridi, ambao majirani Wakikuyu huuita gathano, jua lilipotea wiki nzima na ukungu ukashuka kwenye mibuni hata ndege wakanyamaza. Majani ya vile vitunguu yalikuwa yanageuka manjano. Siku moja nikaona mbele ya kila kijiti kishimo cha mviringo, kama mtu amebonyeza kwa kidole. Nikasawazisha mchanga. Baada ya siku chache vishimo vilikuwa vimerudi, na majani yamezama kama yanavutwa na mtu aliye chini. Hapakuwa na alama ya paka wala unyayo. Mlango una kufuli, na ufunguo hukaa shingoni mwa Zakaria.

Sikumwambia. Nilimwonyesha Mama Wanjiru tu, jirani yangu, naye akachungulia bila kuvuka kizingiti.

"Haiya! Finike, hii ni sanduku ama ni kaburi?"

"Ni maua, Mama Wanjiru."

"Maua hupanda juu. Hii yako inaenda wapi?"

Alicheka, lakini tangu siku hiyo hajaja tena kuazima chumvi.

Majani yakakauka, yakaanguka. Ndipo ikaja barua ya Memsabu kwa nyapara wa shamba: vitunguu viwili vifungwe kwenye pamba, vitumwe kwa rafiki yake. Nyapara akaingia na kijiko cha chai, sisi tumesimama nyuma yake. Akachokora kwenye kijiti cha kwanza, akakuta ganda tupu, kama lile analoacha nyoka. Kwenye cha pili, ganda. Akaenda hivyo mpaka mwisho wa sanduku.

"Zakaria, wewe na bibi yako mumevikaanga na nyama?"

"Mzee, sijavigusa. Naapa."

"Basi vimetembea? Vimepanda basi kwenda Thika?"

Vibarua waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Nyapara akachukua kipande cha Zakaria, kile cheti chake cha kazi, na kumpa mpaka Jumamosi. Vikikosekana ataitwa polisi. Unajua siku hizi huku, mtu akishachukuliwa haijulikani atarudi lini, na kipande kikiandikwa mwizi hapati kazi tena popote.

Tulipofika nyumbani Zakaria alianza kukunja nguo zangu mwenyewe, gauni la harusi juu kabisa, akilainisha kola kwa kiganja. "Nenda kwa mama yako, Finike. Nikitoka nitakufuata." Nikazitoa sandukuni. Akazirudisha. Nikazitoa. Mwishowe tukacheka, kisha akalia, dada, mwanamume mrefu vile.

Ijumaa mchana nilichukua ufunguo nikaenda kibandani peke yangu. Niliutazama ule mchanga nikavikumbuka vishimo vyangu. Unamkumbuka yule mdudu wa mchanga kwenye baraza ya nyanya yetu, anayechimba shimo kama faneli na kujificha chini akingoja sisimizi? Tulimtafuta ili atuume kifuani, matiti yaote haraka. (Na hili pia usimsomee Mama!) Ukimchokora kutoka juu, humpati. Wewe ndiye uliyenifundisha kuingiza kiganja kutoka pembeni, chini yake, na kumwinua na mchanga wake wote.

Niliingiza mkono mchangani, kando ya ubavu wa sanduku, mpaka kiwiko. Mchanga wa chini ulikuwa baridi kuliko wa juu. Vidole vikagusa kitu laini chenye mikunjo, kama kidole cha mtu aliyekaa majini siku nyingi. Nilipiga kelele, Zakaria akaja mbio. Lakini sikuachilia. Nikainua kitunguu kizima, kinono, na chini yake mzizi mnene uliokunjamana, ule ndio uliokivuta. Vingine navyo vilikuwa huko, vimelala juu ya ubao wa chini, kila kimoja chini ya kijiti chake. Vilikuwa vimejizika vyenyewe, polepole, huku mimi nimekaa karibu nashona na kuimba nyimbo za kanisa.

Nyapara alipoitwa alivua kofia. "Funika," akasema. "Funika haraka." Kisha akageuka mlangoni: "Lakini hivi ni ishirini. Kipande nakaa nacho."

Kimoja hakikuonekana. Pale kilipokuwa, mbao za chini zilikuwa zimeachana kidogo. Wiki tatu tulingoja, Zakaria hali vizuri, mimi namwimbia. Leo alfajiri akaniamsha, akaniongoza kwa mkono. Chini ya sanduku, katikati ya matofali, kwenye udongo mwekundu ambao hakuna mtu aliyeutia maji, ua lilikuwa limetoka, limejipinda kufuata mwanga. Bluu ile ile, dada, ile ya puani. Nilipiga magoti kulitazama. Kuzunguka shina lake udongo ulikuwa umeanza kubonyea.

Nyapara amekirudisha kipande chake, bila utani.

Nisalimie shemeji yangu mwalimu, nyanya yetu wa baraza ya mchanga, na baba mdogo wa kinu cha mahindi. Na Mama mwambie hivi: sirudi. Nilipofika hapa nilikuwa juu juu, nikihesabu vituo vya gari la moshi vya kunirudisha kwenu. Sasa nimeshuka, na sijui ilikuwa siku gani, na hilo linanitia hofu kidogo. Mkija kunitembelea mkagonga nisiitikie, msiseme nimepotea. Ingizeni mkono kutoka pembeni.

Mdogo wako anayekupenda,
Finike, mke wa Zakaria