Mbebamlima Hakwenda Kisimani

Bibi,

Sura ya mwisho imefika. Mwenye duka la vitenge pale Kibondo alituma ujumbe kwamba mzigo wake wa Dar umeingia na kitabu chetu cha katuni kimo. Nilitoka Murungu asubuhi, nikakichukua, nikakaa nacho siku nne bila kukifungua. Niliogopa. Sijawahi kukuambia kwa nini, ndiyo maana nakuandikia.

Bibi, Mbebamlima alikufa. Alikufa tangu sura ya saba.

Unakumbuka siku ile tulikuwa uani tunapukuchua maharage. Nilisoma Kiswahili kimoyomoyo, halafu nikakusimulia kwa Kiha, kama kawaida yetu. Kati ya mashujaa wote saba ulimpenda yeye, kwa sababu alitembea na jembe badala ya upanga. "Huyu ana kwao," ulikuwa ukisema. Nikafunua ukurasa, nikaona adui yao, Mfalme Ukungu, amemwangushia daraja na wenzake wanachimba kaburi. Nikakutazama. Wiki hiyo ulikuwa umeanza kulalamika kifua. Mdomo wangu ukasema, "Ameumia mguu. Amekwenda kisimani kuuosha."

Sijui hicho kisima kilitoka wapi.

Basi ikabidi niendelee. Kila sura ulilitafuta jembe lake kwenye picha, na kila sura nilikuwa na jibu. Kisima kimekauka, amekwenda kingine. Amekuta wazee wana kiu, anawachotea. Ulicheka mpaka ukashika mbavu, ukaniita jina letu la utani. "Mke mwenzangu, wenzake wako vitani, yeye bado anachota maji? Huyo ameoa huko." Na mimi niliyemaliza miaka minne ya sekondari bila kunyoosha mkono darasani, nikaanza kukutungia huyo mke, na mama mkwe mwenye maneno mengi, na ng'ombe wa mahari anayekataa kuvuka mto.

Halafu ukaondoka, hadithi haijaisha. Neno la mwisho nililokuambia hospitalini ni kwamba Mbebamlima yuko njiani anarudi. Watu walikuja msibani wakanipa pole, na mimi nilikuwa nawaza hilo tu: nimemuaga Bibi kwa uongo. Nikaomba mtunzi amfufue Mbebamlima. Kwenye hadithi za namna hii wanafufuka sana. Akirudi, nitakuwa sikudanganya, nilitangulia tu kusema.

Hakurudi.

Ngoja nikusimulie kama ilivyoandikwa, bila kuongeza kitu. Mapigano yamekula nusu ya kitabu na yanachosha. Ngumi baada ya ngumi, mengine niliyaruka. Mfalme Ukungu ametutisha sura kumi na moja, halafu jua linatoka na yeye anayeyuka. Basi. Najua ungesema, "Kumbe alikuwa umande." Na yule Binti Upepo, anayewazidi wote akili, kapewa maneno mawili tu.

Lakini kurasa za mwisho, Bibi. Mashujaa sita waliobaki wanarudi pale darajani. Hakuna anayehutubia. Wanaanza kulijenga upya, na kuna jiwe moja ambalo Mbebamlima alikuwa akilibeba peke yake. Wanalijaribu wawili, halinyanyuki. Wanne, halinyanyuki. Wanaliinua wote sita, wanatembea nalo wakiyumba, mmoja anakanyaga mwenzake, na ukurasa mzima hauna neno. Niliurudia mara tatu. Ni sura nzuri kuliko zote, na uzuri wake ni kwamba hakurudi. Angerudi, jiwe lile lingekuwa jepesi.

Hata hivyo sikuweza kufurahi. Jana Shangazi Leokadia alikuwa anachekecha unga wa muhogo, nikakaa karibu yake nikamwambia yote. Nilitegemea anigombeze. Aliweka chekecheo chini, akacheka.

"Kwani hukujua? Mama alijua siku nyingi. Aliliona kaburi kwenye picha, jembe limesimikwa juu yake. Kusoma hakujua, macho si alikuwa nayo? Akaniita akanionyesha. Akasema, 'Leokadia, usimwambie. Huyu mtoto haongei na mtu, na sasa anaongea jioni nzima. Mwache aniongeleshe.'"

Bibi. Kumbe kila ulipoliulizia lile jembe ulikuwa unajua liko wapi.

Nililia, lakini si kile kilio cha msibani. Hiki kilikuwa kama mtu ametua mzigo wa kuni. Shangazi akaniambia nikishamaliza nioshe uso nimsaidie unga, maana giza linaingia. Nikaosha uso. Nikala ugali mwingi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu tukuzike.

Matokeo ya mtihani bado. Maharage ya mwaka huu yamekubali. Kitandani kwako nalala mimi.

Alhamisi kina mama wanakuja kumsaidia Shangazi kupukuchua. Walikuwa wakitusikia tukicheka, na sasa wanauliza hadithi iliishaje. Siku zote nikiulizwa kitu mbele za watu natazama miguu yangu. Safari hii nakuahidi nitawasimulia mwenyewe, kwa Kiha, kwa sauti ya kufika mpaka kwa aliyekaa mwisho. Nitawaambia alikufa. Nitawaambia waliobaki walifanya nini.

Pumzika, mke mwenzangu. Usinifikirie sana.

Mjukuu wako,
Adela