Sweta la kuku wa shangazi

Dada Rehema, shikamoo. Hapa Makumira, wingu la Mlima Meru likishuka tu na baridi yake, shangazi anatia antibiotiki kwenye maji ya kuku wake, hata kama hakuna anayekohoa. Eti ndiyo sweta lao. Yeye naye anameza kidonge kimoja, asibaki nyuma.

Jana nilimsindikiza hospitali kufuata majibu ya kipimo cha kidonda chake cha mkono kinachogoma kupona. Dada wa maabara akatuonyesha kisahani alichooteshea bakteria wa usaha wake, juu yake vipande vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayoua, akasema, huzungukwa na duara tupu. Dada, nilitafuta duara nikaishiwa pumzi. Bakteria walikuwa wamezibana karatasi kama wageni kwenye sinia la pilau.

"Na hii ndiyo ya kuku?" shangazi akauliza, akionyesha karatasi mojawapo iliyobanwa.

"Ni jamii hiyohiyo, mama."

Duara lilikuwa moja tu, la dawa ya sindano.

Leo wingu limeshuka tena. Kuku wamepewa maji matupu, naye shangazi amekaa mlangoni anawasikiliza vifua.

Vile vidonge vya antibiotiki ulivyobakiza kwenye kopo la majani ya chai, usimpe mtoto. Nimewakumbuka nyote, hata jogoo wako mkorofi.

Mdogo wako, Idi