Mstari Ambao Hamad Hakuusoma Kwenye Karatasi

Jumamosi, Konde.

Mvua imekatika tangu adhuhuri lakini mawingu bado yapo, na mimi pia sijatulia. Naandika haya kwa simu, nimekaa uani, kwa sababu ndani kuna mtu sitaki anione ninavyofikiri.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na fasihi imenitia ugonjwa mmoja: siamini kama kuna jambo linatokea bure. Kila mwaka nawaambia Kidato cha Tatu kwamba kwenye tamthilia hakuna mhusika anayeingia jukwaani kwa bahati, wala neno linalosemwa bila kazi yake. Wanafunzi wanaandika, wanapata alama, wanasahau. Mimi narudi nalo nyumbani.

Safari hii tamthilia nimeiandika mwenyewe, kwa ajili ya siku ya wazazi hapa skuli. Inamhusu Bakari, anayemwacha mkewe Mize kwa maneno ya kuambiwa, kisha anajuta. Wanafunzi wanacheza majirani na watoto. Bakari na Mize walitakiwa watu wazima, na hapo ndipo tulipojitafutia balaa. Kila mwalimu wa kike tuliyemwomba awe Mize alisema mumewe hatoridhia akae jukwaani kama mke wa mtu mwengine. Mwalimu Mkuu akaona kapata dawa: mume wangu, Hamad, anafundisha Jiografia skuli hii hii, basi tucheze sisi. Mke na mume wa kweli, nani atasema neno? Tulicheka wote, na mimi nilicheka zaidi yao.

Lakini talaka sikuiweka jukwaani. Nataka hilo lijulikane. Niliandika jirani aje kumpa mama yake Mize habari kwamba mwanawe kaachwa. Huku kwetu neno lile halichezewi, hata ukilitoa kwa mzaha linashika. Tumelijua hilo tangu chuo cha Kurani, tukiwa bado tunasoma alifu.

Aliyetaka litamkwe ni Hamad.

Ilikuwa wiki iliyopita, tunakula. Akaniambia tamthilia ni vitendo na mazungumzo, watu hawaji kusikiliza habari za jirani, kilele lazima wakione kwa macho yao. Maneno yangu mwenyewe ya darasani, ananirudishia. Mtu huyu miaka yote ananiuliza fasihi ina faida gani! Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilijiona hatimaye nimepata mume anayenisikiliza. Nikakaa nikauandika mstari: "Mize, nenda kwenu. Nimekuacha." Kwenye mabano nikaweka maelekezo ya jukwaani: anampa mgongo.

Tangu siku hiyo namwangalia. Hamad hana kichwa cha kushika maneno. Mazoezi yote anasoma kwenye karatasi, na bado anaruka. Ule mstari mmoja tu ndio haangalii karatasi. Kwanza alikuwa akiumung'unya, nikajisemea anauogopa kama ninavyouogopa mimi.

Leo asubuhi tulifanya mazoezi kwenye darasa kubwa. Skuli haina vitu vya kupambia jukwaa, kwa hivyo nyumba ya Bakari nimeitengeneza kwa mkeka wangu, birika langu na kanga zangu mbili juu ya kamba. Nikakaa juu ya mkeka, nachambua mchele usiokuwepo. Hamad akaja mpaka ukingoni mwa mkeka. Hakunipa mgongo. Alinitazama usoni, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye mazoezi:

"Rukia, nenda kwenu. Nimekuacha."

Rukia ni mimi.

Haniiti Rukia tangu alipozaliwa binti yetu. Ni Mama Nasra asubuhi, Mama Nasra jioni. Basi jina lile kalitoa wapi leo? Wanafunzi wawili walicheka, wakanyamaza walipoona hakuna mtu mzima anayecheka. Hamad akasema samahani, nilikusudia Mize, akaendelea na mstari unaofuata. Huo aliusoma kwenye karatasi.

Ustadhi Khatibu, mwalimu wetu wa dini, alikuwa amesimama dirishani. Mazoezi yalipokwisha akatuita pembeni sote wawili.

"Mwalimu Hamad, mie sikuulizi jawabu," alisema. "Kama wasimulia maneno ya huyo Bakari, basi hapana kitu, nendeni mkale. Lakini kama moyoni mlikuwa na jengine, hata chembe, mrejee mkeo kwenye ndoa na uweke shahidi. Ajuaye ni weye."

Hamad akajibu hapo hapo kwamba ulimi umeteleza tu. Upesi mno, kwa mtu ambaye hawezi kuchagua shati bila kuniuliza mara tatu.

Tulipotoka akasema anapitia kwa mdogo wake, Kombo. Nikarudi peke yangu na mkeka kichwani. Nilipika, nikafua, na muda wote huo nilikuwa nautafuta mgogoro. Bakari nilimpa sababu, kwa sababu bila sababu hadhira haitamwamini. Ya Hamad ni ipi? Hatujagombana. Hajabadilisha saa za kurudi. Mama yake juzi kaniletea samaki, na mimi leo nawatilia shaka hata wale samaki. Mwanamke anayegombana na mumewe angalau anajua pa kuanzia.

Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyo leo.

Nikajiwekea ahadi. Akirudi, akacheka, akaulizia chakula, basi ulikuwa ni ulimi kweli, na mimi nitaomba msamaha kimoyomoyo na nisilifikirie tena. Nilisali Alasiri nikiomba iwe hivyo.

Alirudi na Kombo. Kombo ni mtu wa mzaha, hapiti mlangoni kwangu bila kunitania mapishi yangu. Leo alitoa salamu, akasimama pale pale, macho chini. Hamad akaja mbele yangu.

"Mama Nasra, nimekurejea. Kombo ndiye shahidi yangu."

Kisha akakaa na kuomba chai. Uso wake ulikuwa umepata nafuu, kama mtu aliyetua mzigo. Niliwamiminia nikamwaga nusu kwenye sinia.

Wapo sasa hivi ndani, nawasikia wanazungumzia bei ya karafuu.

Mimi ni mke wake, hilo halina shaka kwa mtu yeyote. Mwengine angeshukuru: mume mcha Mungu, ametaka usalama, amekata wasiwasi. Huenda ndivyo. Nataka sana iwe ndivyo. Lakini Ustadhi alisema waziwazi kwamba ikiwa yalikuwa maneno ya Bakari, twende tukale, na Hamad alisikia kama nilivyosikia mimi.

Mstari nimeshaufuta, Mwalimu Mkuu nitamwambia Jumatatu. Ninachoshindwa ni kuingia ndani nikamuuliza mume wangu swali moja tu.

Kama hukuniacha, Baba Nasra, umenirejea kutoka wapi?