Mita Kumi na Moja Kuelekea Mashariki

Jumatatu, 3 Februari

Betri haikujaa chaji tena. Mlinzi anasema mafuta ya jenereta yaliisha. Mimi nasema alilala. Tumetoka ofisini Hai Amarat, hapa Juba, saa tatu badala ya saa moja, jua limeshawaka vya kutosha.

Njiani nimemweleza dereva mpya kazi yetu, maana alidhani tunatafuta mafuta ardhini. Mashine ni mbili. Ya kwanza tunaiita mama. Anasimama tuli kwa miguu mitatu juu ya bikoni, yaani jiwe la wapimaji ambalo mahali pake pameandikwa kwenye ramani. Ya pili ni mtoto. Huyo nazunguka naye mimi juu ya fimbo. Wote wawili wanasikiliza setilaiti, lakini mtoto anajipima kutoka kwa mama. Mama akiwa amesimama pabaya, mtoto naye anakosea, tena kwa uhakika wote. Dereva akasema kama nyumbani kwao tu.

Barabara mpya itapita mtaa wa Khalto, yaani mama yangu mdogo. Ramani ya zamani ina bikoni nne. Tumetafuta asubuhi yote, tatu hazipo. Injinia Musyoka, bosi wangu, Mkamba asiyependa kuchelewa wala kutoka jasho, alikuwa ameanza kununa. Nikasema najua ya nne iko wapi. Iko uani kwa Khalto Kiden, mdogo wa marehemu mama, kwenye kichwa cha kaburi la mama. Nimeikalia mara nyingi nikinywa chai.

Alinisifu mbele ya wote. Nilifurahi, nakiri.

Jumanne, 4 Februari

Namba ya kwenye kibati cha chuma inalingana na ramani. Tumemsimamisha mama juu ya jiwe. Khalto alikuwa sokoni na mboga zake. Aliporudi akaikuta mashine imemtandazia miguu dada yake. Akaenda kuchemsha chai. Nilidhani ameridhika.

Fomu ina swali: je, jiwe liko mahali pake pa asili? Injinia akaniuliza, nikasema ndiyo, liko hapo siku zote. Nikatia tiki na sahihi. Ukweli ni kwamba nalijua tangu nirudi Juba, miaka sita. Mama alikufa wakati wa vita, mimi niko kidato cha pili Nakuru. Nilipewa habari kwa simu, sikuzika. Nilipofika, Khalto alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja hadi kwenye jiwe. Nikaelewa kwamba walimzika kando ya jiwe. Sikuuliza zaidi. Nani huuliza jiwe limetoka wapi.

Alhamisi, 6 Februari

Simu yangu haikubaliani na mashine. Tofauti ya mita kama kumi. Nimemwonyesha Injinia, akacheka, akasema simu ni ya kupigia picha. Njia ya miguu nayo haikai pale ramani inaposema. Akasema watu wamehama na kurudi, njia pia zimehama. Hilo ni kweli, njia huhama. Nikarudi kwenye fimbo. Naandika hapa kwa sababu limenikera.

Jumatatu, 10 Februari

Leo tumechora barabara. Mashine inanipeleka, mimi nafuata mshale. Songa kulia. Songa mbele. Simama. Ikalia niko ndani ya chumba cha kulala cha Khalto, kati ya kitanda na sanduku lake la nguo. Barabara inameza chumba, jiko, ua na kaburi. Upande huu wa njia nyumba kumi na moja zimeguswa. Ng'ambo, mwenye ghala la saruji hakuguswa hata tofali. Amebakiwa na uwanja mpana ambao jana haukuwa wake. Ametuletea soda baridi. Nimeinywa.

Rangi nyekundu ilinunuliwa Hai Jalaba asubuhi. Alama ya X ukutani kwa Khalto nimeipaka mimi mwenyewe. Sijui kwa nini. Labda nilidhani ikipakwa na mkono wa ndugu itauma kidogo. Khalto alisimama mlangoni na ufagio. Majirani wananiita yule wa fimbo. Mama mmoja alinivuta kando akaniuliza kama naweza kuiambia mashine isogee kidogo tu. Nikamjibu kwa kiburi kwamba mashine haina ndugu. Kesho nitajichukia kwa jibu hilo. Hapana, nimeshaanza leo.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda kumwomba Khalto radhi. Alikuwa anachambua mlenda. Nilijitetea kwamba si mimi, ni jiwe. Jiwe limewekwa na serikali ya zamani, na kila kitu kinapimwa kutoka hapo.

Akaacha mlenda. Kiswahili chake ni cha kambini Uganda, nakiandika kama alivyosema, nisije nikakilainisha.

"Hii jiwe mimi ndio nilileta. Ilikuwa kule kwa njia. Mimi na marehemu mzee yangu tulivuta na gunia, siku mbili."

Nikamuuliza kwa nini.

"Msalaba ya mbao watu walikuwa nachoma, wanapika nayo chai. Mimi nasema, Keji iko Kenya, siku moja atakuja. Atajua mama yake iko wapi? Hii iko na namba. Hii hakuna mtu nachoma."

Nikauliza kwa nini hakusema siku ile tulipokuja na mashine. Akasema hakuna aliyemuuliza. Alituona tumevaa viatu vizito na miwani, akadhani tunajua. Na aliona jiwe lake limeheshimiwa, akapika chai.

Ni mimi. Alilivuta kwa ajili yangu, nami nikalitumia kumvunjia nyumba. Sikulia. Nilikuwa na hasira mno, na hasira haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Alhamisi, 13 Februari

Wapimaji wa zamani walikuwa watu makini kuliko sisi. Chini ya bikoni walizika chuma, jiwe likiondolewa chuma kibaki. Khalto alinionyesha mahali, pembeni mwa njia, mbele ya ghala. Nimechimba kwa jembe la kuazima. Kina cha goti, nikagonga chuma. Kimeshika kutu lakini kimesimama wima.

Nikampeleka mama juu ya chuma, na mtoto nikamsimamisha juu ya jiwe, kaburini. Mita kumi na moja na sentimita ishirini, mashariki kabisa. Kila kitu tulichopima mtaa huu kimeteleza kiasi hicho. Barabara ya kweli inapita palepale watu wanapopita. Inavunja nusu ya ghala la saruji. Kwa Khalto haigusi hata jiko.

Mashine ilitaka jina la nukta ya mwisho. Nikaandika MAMA, nikahifadhi. Namba zake nimenakili pia kwenye jalada la daftari hili.

Ijumaa, 14 Februari

Nimempelekea Injinia vipimo na picha za chuma. Alivaa miwani, akasoma mara mbili. Yeye si mjinga. Aliona kabla sijamaliza kueleza. Akaenda kufunga mlango.

"Keji, hii maneno imeshaenda juu. Mpango umepitishwa. Tukisema tulikosea hapa, mitaa ile mingine tano nani atatuamini?"

Nikasema kwamba nyumba kumi na moja zitavunjwa kwa kosa letu. Kisha akafungua faili, akatoa fomu, akaiweka mbele yangu na kidole juu ya tiki.

"Na hii sahihi si yangu, dadangu."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa rahisi kama angenitukana. Yeye mkataba ukiisha atapanda ndege uwanjani Thongpiny, baada ya saa moja na nusu yuko kwao Kenya. Namchukia, na najua fomu ni yangu.

Jumatatu, 17 Februari

Nimekata tiki ya Ndiyo, nimetia Hapana, tarehe na sahihi mpya. Nimeandika barua kurasa mbili. Mara ya kwanza niliandika kwa hasira, mara ya pili kwa adabu, nikapeleka ya adabu. Nimeikabidhi mapokezi kwa walioagiza barabara. Karani alipiga muhuri nakala yangu vizuri sana, akaipuliza wino ukauke. Akaniambia nisubiri kupigiwa simu.

Niliporudi ofisini Injinia alikuwa na habari tayari. Akaniambia nipumzike kwanza. Akachukua fimbo na mtoto kutoka mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo.

Jumamosi, 22 Februari

Hakuna simu.

Nimemwambia Khalto tumtoe mama, tukamzike upya karibu na kanisa. Mchungaji amekubali, wanaume wa kuchimba wapo. Khalto amekataa. Anasema dada yake alikimbia vya kutosha akiwa hai. Alikimbia kwenda kusini, akakimbia kurudi, akakimbia na mimi mgongoni hadi mpakani. Mahali pa kwanza alipolala bila kuambiwa ainuke ni hapo. Hatamwinua. Nimegombana naye, nimesema maneno ya ukali. Akaniacha niseme mpaka nikachoka.

Majirani wameanza kung'oa mabati yao wenyewe wasije wakayapoteza. Wale wale waliosema mashine inadanganya, sasa wananiuliza mpaka wao mpya uko wapi wapande miti. Inaongea na mbinguni, mmoja wao aliniambia, sisi tubishane nayo na nini? Nilitaka kumjibu kwamba inaongea na jiwe la Khalto. Nikaona aibu.

Jumatano, 26 Februari

Walisema Ijumaa. Wamekuja leo.

Greda moja ya manjano. Khalto alikuwa sokoni. Nilitoa kitanda, sanduku, sufuria, picha ya mama. Dereva wa greda alinisaidia kubeba kitanda, kisha akapanda akavunja. Si mtu mbaya. Kwenye jiwe alishuka tena, akalifunga mnyororo akaliweka kando, maana alikuwa ameagizwa ni mali ya wapimaji lisiharibike. Kaburi hakuagizwa kitu. Nilimwonyesha. Akavua kofia, akasubiri nimalize kusali, akapita juu yake polepole.

Ilikuwa haijafika saa tano. Khalto aliporudi na karai lake la mboga alisimama pale mlango ulipokuwa, akauliza kama sufuria kubwa imepona.

Alhamisi, 6 Machi

Khalto anakaa nami Hai Jalaba, chumba kimoja. Anaamka kabla yangu na kufagia mlango wa mwenye nyumba bila kuombwa.

Dereva amenipitia kuniambia habari za kazini. Jiwe limejengewa upya pembeni mwa barabara mpya, limetiwa saruji na rangi nyeupe. Injinia mwenyewe alijaza fomu. Mahali papya pameandikwa, pamekubaliwa, na wapimaji watakaokuja miaka ijayo watapima kutoka hapo. Khalto na gunia lake walipolisogeza lilikuwa kosa. Sisi tulipolisogeza likawa rekodi.

Nimecheka mpaka dereva akaogopa. Barua yangu bado haijajibiwa. Sasa sisubiri.

Jumapili, 30 Machi

Mvua ya kwanza usiku wa jana. Vumbi limelala.

Baada ya ibada Khalto alitaka kwenda. Ni Jumapili ya tatu sasa. Hachelewi na hasemi mengi. Anabeba chupa ya maji na mimi nabeba mwavuli.

Barabara ni pana na imenyooka. Hakuna cha kukuonyesha kwamba palikuwa na ua. Jiwe jeupe linang'aa kule pembeni, Khalto hupita bila kulitazama. Tunavuka hadi mbele ya ghala. Mwenye ghala ameweka meza na viti vya plastiki kwenye uwanja wake mpya, anauza chai na mandazi. Kiti kimoja hukaa juu ya chuma changu. Hajui kuna nini chini yake, lakini akituona hukisogeza na kutusalimu kwa heshima. Leo alimwinua mteja.

Nikasimama juu ya chuma. Mashine sina, nina miguu. Mita kumi na moja na ishirini ni hatua zangu kumi na tano. Nikageukia mashariki, nikahesabu kwa sauti ya chini, Khalto nyuma yangu. Kumi na tano ikaniweka karibu katikati ya barabara. Udongo umeshikamana, una alama za matairi.

"Ni hapa?" Khalto akauliza. Huuliza kila mara.

"Ni hapa."

Akamwaga maji kidogo kidogo. Akasema kwa Kibari, lugha yetu, jambo ambalo sikulisikia vizuri, lilikuwa lao wawili. Lori la mchanga likaja kutoka upande wa mto, likapiga honi mara moja. Nikamshika Khalto mkono, tukapisha. Lilipopita tukarudi amalizie chupa.