Miti ya Juu ya Chemchemi

Shirere, Kakamega

Kaka Lusweti,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe, wifi na watoto mko salama huko Nairobi. Mama, nasikia, goti bado linamsumbua akisimama kanisani. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Unaijua kazi yangu: kuzunguka na watafiti wa serikali tukitambua mimea na wanyama waliosalia, ili nchi ijue ilicho nacho na kukilinda kwa faida ya wote. Tulipofika Kabras niliwapeleka kwenye kijisitu alichotuachia baba juu ya chemchemi. Nilijivuna, sikufichi. Daktari Philemon, mkuu wetu, alisimama chini ya ile miiritsa mikongwe akasema miti kama hiyo imekwisha kwingi, maana watu huibambua magome kwa dawa. Aliwaeleza majirani kwamba mizizi yake ndiyo inayoshika maji yao. Kwenye baraza ya chifu wakakubaliana kijisitu kilindwe, shamba libaki letu. Hata Mama Zilpah, ambaye hakubalianagi na mtu, aliunga mkono.

Jioni hiyo nilikupigia simu kwa furaha. Uliniuliza kama mtu ataweza kukata miti ikishalindwa. Nikakwambia hapana. Ukanipongeza, ukasema baba angefurahi.

Wiki iliyofuata, siku ya soko la Lubao, majirani wengi wakiwa hawapo, watu wenye misumeno ya injini waliingia. Nilipofika, lori lilikuwa limeshapakiwa magogo. Mbega walikuwa wamejikusanya kwenye mti mmoja wa mpakani, kimya. Nilimuuliza msimamizi ametumwa na nani. Akasema ni mwenye shamba, tena amehimizwa amalize kabla serikali haijaleta karatasi. Nikamwambia anitajie jina. Akataja lako.

Mvua ilipokuja, udongo wote ulishukia chemchemini. Sasa wanawake wanachota tope na kungoja litulie ndooni. Mama Zilpah aliniuliza mbele za watu, "Dinah, hii ndiyo faida ya wote uliyotuhubiria?"

Nilikimbilia kwa Mama nikidhani tutalia pamoja. Nikamkuta anaosha masufuria. Yeye ndiye aliyewapikia wakataji, akawachinjia ingokho na kuwasongea obusuma. Aliniambia shamba ni lako, baba alikupa, na mtoto wa kike hamwaniki kaka yake hadharani.

Sasa kaka, hili nataka ulisikie kwangu kabla hujaletewa na askari. Nimeandikisha taarifa polisi dhidi yako. Hukuwa na kibali cha kukata wala cha kusafirisha magogo, nami nitasimama shahidi. Wajomba walikuja kunisihi niifute, nikakataa. Mama amenifungia mlango, ndiyo maana nakuandikia kutoka chumba cha kupanga.

Najua ukifungwa hakuna mti utakaosimama tena. Lakini ningenyamaza, ningewaangaliaje wale wanawake kila wanapopita na ndoo zao? Nakuomba jambo moja: ukifikishwa kortini, kiri mapema. Ukikana, Mama ataitwa aeleze ni nani aliyemwagiza awapikie wakataji, na mimi nitalazimika kusimama pale nimsikilize akidanganya kwa ajili yako.

Nisalimie wifi. Waambie watoto shangazi yao anawapenda, hata watakapoambiwa mengine.

Dada yako,
Dinah