Taya Ulilonitumia Ndani ya Gunia la Viazi

Kaptembwo, Nakuru
Jumapili

Mdogo wangu Kibet,

Kuna jambo nimekuficha. Lile taya ulilochimba shambani na kunitumia, nilijua siku ile ile kwamba si la dinosaria. Nilikuandikia kwamba ni lake. Nilikudanganya.

Kifua cha Mama kinaendeleaje na baridi hiyo ya Kuresoi? Wewe unakula vizuri? Mimi na Shangazi tu wazima, ila shuleni bado sina rafiki.

Sasa soma polepole. Dilofosauri, yule dinosaria niliyesema taya ni lake, aliishi mwanzoni mwa kipindi cha Jura, mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kwanza. Alitembea kwa miguu miwili. Kutoka pua hadi mkia alikuwa mrefu kuliko trekta, na kichwani alikuwa na vishungi viwili vyembamba vya mfupa. Alikula nyama, kwa hiyo meno yake yalichongoka na kupinda kuelekea nyuma. Meno ya taya lako ni bapa, ya kusaga nyasi. Tena udongo wetu umetokana na majivu ya volkeno zilizolipuka dinosaria wakiwa wamekwisha kitambo. Hata tukichimba hadi tuzeeke, hatutampata hapo.

Baada ya kukuandikia nililipeleka kwa mwalimu wa bayolojia, nikiomba niwe nimekosea. Msichana ninayeketi naye akacheka, "Profesa, leo umetuletea supu?" Mwalimu aliligeuza mara moja tu. "Ng'ombe huyu. Tena mzee."

Nilidanganya kwa sababu wewe peke yako ndiye huniuliza maswali. Sikujua Baba angeacha kona yote ile ulikochimba bila kupanda, akingoja watu wa makumbusho niliosema watakuja. Mama ndiye aliyeniambia jana kwa simu.

Msalimie Mama, Nyanya anayelala nawe, na Mjomba anayetukamulia ng'ombe. Baba sijui nimsalimie vipi. Leo asubuhi niliomba simu ya Shangazi nikampigia.

"Baba, pandeni ile kona. Hakuna mtu anakuja."

"Si wewe ndiye uliandika?"

"Ni mimi. Nilidanganya."



"Viazi vya mbegu tulishakula, Chebet," akasema.

Nilimrudishia Shangazi simu yake, nikatafuta karatasi, nikaanza kukuandikia.

Dada yako,
Chebet